Kwa nini 1917 ilishinda karibu kila mahali, kisha Oscar ikaenda kwa Parasite

Watu wengi huufuatilia msimu wa tuzo za filamu kama ligi. Filamu ikishinda Golden Globes mwanzoni mwa Januari, ikaongeza tuzo ya watayarishaji, ya waongozaji, halafu BAFTA, yaani tuzo za filamu za Uingereza, wanaihesabia pointi na kuona Oscar imeshapata mwenyewe. Kazi yangu ni kuchambua tuzo hizi, na kila ninapotaka kumweleza mtu kwa nini hesabu hiyo inapotosha, narudi kwenye msimu wa 2019 hadi 2020. Filamu ya 1917 ya mwongozaji Sam Mendes ilizoa tuzo zote hizo nilizotaja. Usiku wa tarehe 9 Februari 2020, Oscar ya filamu bora ikachukuliwa na Parasite ya Bong Joon-ho kutoka Korea Kusini, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata tangu hafla ya kwanza mwaka 1929.

Kwangu mimi, kila hafla ina maswali mawili ya kuulizwa kabla ya kutazama mshindi. Waliopiga kura ni akina nani? Na je, kuna kati yao watakaopiga kura tena kwenye Oscar?

Golden Globes ya tarehe 5 Januari iliamuliwa na waandishi wa habari wa kigeni wapatao 90 wanaofanyia kazi Hollywood. Hao hawatengenezi filamu, na kwenye Oscar hawana kura. Lakini kuna jambo jingine lililowapita wengi. Kanuni za Golden Globes za wakati huo hazikuiruhusu filamu ya lugha nyingine kugombea tuzo kuu ya tamthilia. Kwa hiyo 1917 ilizishinda The Irishman, Joker, Marriage Story na The Two Popes. Parasite haikuwamo. Ilichukua tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni, na kesho yake magazeti yakaandika kana kwamba 1917 imeiacha nyuma, wakati filamu hizo mbili zilikuwa bado hazijakutana kwenye tuzo kuu.

Critics' Choice ya tarehe 12 Januari nayo ni ya wakosoaji na waandishi. Filamu bora ilikuwa Once Upon a Time in Hollywood, na tuzo ya mwongozaji ikaishia sare kati ya Mendes na Bong. Tusikae sana hapo.

Mambo yanabadilika zinapoingia tuzo za vyama vya wenye fani, kwa sababu baadhi ya wanachama wao ni wajumbe wa Akademia vilevile, chombo kinachotoa Oscar. Tarehe 17 Januari wahariri wa filamu waliipa Parasite tuzo yao ya tamthilia. Habari hiyo haikuvuma sana, ila sisi tunaofuatilia tuliiweka alama. Tarehe 18 watayarishaji wakaipa 1917. Tarehe 19 ikawa zamu ya waigizaji pale Shrine Auditorium, na usiku huo ndio ninaouona kuwa muhimu kuliko yote ya msimu ule.

Waigizaji wa Parasite walipanda jukwaani kuitambulisha filamu yao tu, kama wanavyofanya waigizaji wa kila filamu inayowania tuzo ya kundi bora. Tuzo yenyewe ilikuwa bado haijafika. Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyeteuliwa binafsi, si kwenye hafla ile wala kwenye Oscar, na wengi wa waliosimama huenda hawakuyajua majina yao. Baadaye wakatangazwa washindi, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo hiyo. Chama hicho cha waigizaji kina wapiga kura zaidi ya laki moja na wengi wao hawamo katika Akademia. Hata hivyo, waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademia, na 1917 ilikwenda Oscar bila mwigizaji wake hata mmoja kuteuliwa. Haikuteuliwa kwa uhariri pia, pengine kwa sababu imetengenezwa ionekane kama picha moja isiyokatika. Filamu yenye uteuzi 10 ilikuwa na mapengo mawili makubwa, nayo yalionekana tangu orodha ilipotoka tarehe 13 Januari.

Waongozaji walimpa Mendes tarehe 25 Januari. Waandishi wa skripti wakawapa Bong na mwenzake Han Jin-won tarehe 1 Februari. Kesho yake, Royal Albert Hall mjini London, BAFTA ikaipa 1917 tuzo saba, zikiwemo filamu bora, mwongozaji bora na filamu bora ya Uingereza. Hapo wengi wakafunga mjadala. Mimi naisoma BAFTA ile kwa tahadhari: filamu ya vita vya kwanza vya dunia, ya mwongozaji Mwingereza, mbele ya wapiga kura ambao wengi wao ni Waingereza. Isitoshe, kalenda ya mwaka ule ilikuwa imebanwa. Oscar, iliyofanyika tarehe 24 Februari mwaka 2019, mwaka 2020 iliwahishwa hadi tarehe 9. Kura zake zilipigwa kuanzia tarehe 30 Januari hadi tarehe 4 Februari. BAFTA ilipotangazwa, dirisha lilikuwa limebakiza siku mbili. Ushindi wa Parasite wa tarehe 19 Januari ndio waliokwenda nao wajumbe kupiga kura.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Kwa tuzo ya filamu bora, mjumbe wa Akademia hachagui filamu moja tu. Anazipanga zote, mwaka ule zilikuwa tisa, kuanzia anayoipenda zaidi. Isipopatikana filamu iliyovuka nusu ya kura za kwanza, ile iliyoshika mkia inaondolewa, na kila kura yake inahamia kwa filamu inayofuata kwenye mpangilio wa mjumbe huyo. Wanaendelea hivyo hadi moja ivuke nusu. Chukua mfano wa kubuni: kura 100, filamu tatu. A ina 40, B ina 35, C ina 25. Kwa hesabu ya kawaida A imeshinda. Ondoa C. Kama katika wale 25, watu 20 waliiweka B katika nafasi ya pili na watano wakaiweka A, basi B inafika 55 na A inabaki na 45. Aliyekuwa nyuma ameibuka mshindi, na hakuna kura iliyochakachuliwa.

Wachambuzi wengi walieleza ushindi wa Parasite kwa hesabu hiyo: eti ilikuwa chaguo la pili la kila mtu. Siafiki. Watayarishaji nao huhesabu hivyohivyo, na walitoa 1917. Kisha tazama tuzo ya mwongozaji bora, ambayo hupatikana kwa wingi wa kura tu, bila kupanga wala kuhamisha. Bong alimshinda Mendes hapo pia, wiki mbili baada ya Mendes kutuzwa na waongozaji wenzake. Akademia haitangazi idadi za kura, lakini matokeo hayo yananitosha kusema kwamba Parasite ilikuwa chaguo la kwanza la watu wengi sana.

Watu hao walitoka wapi? Baada ya lawama za 2015 na 2016 kwamba walioteuliwa kwa uigizaji walikuwa weupe watupu, Akademia ilifungua milango. Mwaka 2018 iliwaalika wajumbe wapya 928, mwaka 2019 ikaalika 842, kutoka nchi kadhaa duniani. Kwa chombo chenye wapiga kura zaidi ya elfu nane, hiyo ni sehemu kubwa.

Siwezi kuupita msimu huu bila kuitaja Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza kabisa kuwasilishwa na Nigeria kwenye Oscar. Novemba 2019 iliondolewa kwenye tuzo ya filamu bora ya kimataifa kwa sababu mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Kiigbo kinasikika kwa takriban dakika 11 tu. Kanuni ilitaka zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha nyingine, hivyo kisheria Akademia haikukosea. Lakini Nnaji alieleza kwamba ndivyo Wanigeria wanavyoongea, na kwamba hawakuchagua nani awatawale. Ninakubaliana naye moja kwa moja. Kanuni iliyowekwa kuzilinda filamu za nje dhidi ya Hollywood iliigeukia nchi yenye tasnia yake kubwa ya filamu.

Kwa waigizaji, msimu ule ulikwenda kama ligi kweli. Joaquin Phoenix, Renée Zellweger, Brad Pitt na Laura Dern walishinda Golden Globes, Critics' Choice, tuzo za waigizaji, BAFTA na Oscar, wote wanne bila kukosa.

Anayetumia matokeo ya miaka ya nyuma kutabiri ajue kwamba wapiga kura wenyewe hawakai vilevile. Mwaka 2020 BAFTA ilitangaza mabadiliko zaidi ya 120 katika kanuni na uanachama wake. Mwaka 2021 Golden Globes waliondoa kizuizi cha lugha kwenye tuzo kuu, na mwaka 2023 chama cha wale waandishi wa kigeni kikavunjwa, wakaletwa wapiga kura wapatao 300 kutoka nchi nyingi. Hafla ina jina lilelile na ukumbi uleule wa Beverly Hilton, lakini ukiweka ushindi wa 1917 wa Januari 2020 kwenye jedwali moja na ushindi wa sasa, unalinganisha maamuzi ya watu tofauti.