Mishiri ya kupanda, ya kukwea na ya kutambaa

Juzi kwenye duka la pembejeo nilimsikia mama mmoja akiomba "mbegu za mishiri ya kupanda". Muuzaji akamkabidhi pakiti ya mishiri mifupi bila kuuliza neno, maana kwa sikio lake mbegu zote ni za kupanda. Kumbe mama alitaka ile mirefu inayojizungusha kwenye fito, na alishasimika fito zake nyuma ya nyumba. Ilibidi niingilie kabla hajalipa, na si mara ya kwanza kuyaona haya.

Tofauti yenyewe ni rahisi kueleza. Mishiri, ambayo Tanzania wengi huiita maharage machanga, ni maganda ya haragwe letu la kawaida yaliyochumwa kabla punje hazijajaa. Mmea mfupi hufika usawa wa goti, hautaki fito, huanza kuchumwa kati ya siku 45 na 60 kutegemea baridi ya mahali, na mavuno yake mengi huja kwa mkupuo wa wiki tatu hivi. Mmea mrefu hupita mita 2, huchelewa kidogo kuanza, kisha huendelea kutoa maganda muda mrefu zaidi. Mwenye eneo dogo na familia ya kulisha kidogo kidogo achague mrefu. Mwenye kuuza mzigo mmoja, au asiye na fito, achague mfupi.

Tatizo liko kwenye neno. "Kupanda" kwetu ni kufukia mbegu ardhini, na pia ni kwenda juu. Ukimwambia mtoto "panda mti", anaweza kuchukua jembe au akaparamia mwembe, na vyote viwili vitakuwa sahihi. Katika mazungumzo mengi muktadha hutuokoa: bei ikipanda, hakuna anayewaza shimo. Lakini dukani, mbele ya rafu ya mbegu, muktadha ndio unaotupoteza, kwa sababu maana zote mbili zinafaa.

Wapo wanaolikwepa tatizo hilo kwa kusema "maharage ya kutambaa". Hapo ndipo ninapokosa raha zaidi. Kutambaa ni kwenda chini kwa chini, kama mtoto mchanga au kama viazi vitamu. Na maharage yanayotambaa yapo kweli! Wataalamu wa maharage huyagawa kwa ukuaji katika makundi manne: la kwanza ni fupi ambalo ncha ya shina huishia kwenye ua, hivyo urefu hukoma hapo, la pili limesimama wima ingawa ncha yake huendelea kukua, la tatu hulala na kutawanya matawi chini, la nne ndilo linalojizonga kwenye mti hadi juu. Ukiuita mmea wa kundi la nne kwa jina la ule wa tatu, mwenzako atanunua mbegu asimike fito, halafu mmea uzilalie miguuni.

Tena haragwe halina vikono vya kushikia kama njegere au tango. Shina lenyewe ndilo linalozunguka fito, na ukilitazama kutoka juu huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukijaribu kulizungusha upande mwingine ili kulisaidia, litajifungua lenyewe.

Kosa jingine ni kuita mishiri mifupi "midogo", kana kwamba maganda yake ni haba. Ufupi ni wa shina. Mendel, mtawa yule wa Brno aliyechunguza urithi wa sifa kwa kuzalisha njegere, alizalisha haragwe refu na fupi pamoja akaeleza matokeo kwenye andiko lake la 1866, na akaona urefu wa shina ukirithiwa kama ulivyorithiwa kwenye njegere zake. Wakati huo mfupi ulihesabiwa kuwa jamii nyingine kabisa, *Phaseolus nanus*. Leo yote ni *Phaseolus vulgaris*, na ganda la mfupi laweza kulingana kabisa na la mrefu.

Watu wa pwani wanalo neno lisilo na utata: kukwea. Mkwezi hukwea mnazi, na hakuna anayedhani ameufukia. Basi ukifika dukani, sema "mishiri ya kukwea". Muuzaji asipokuelewa, mwambie, "ile inayotaka fito", kisha geuza pakiti usome urefu wa mmea kabla hujatoa pesa.