Kanga wa Julai na kanga wa Desemba: kanuni za kuwinda ndege katika Haut-Katanga

Hapa Haut-Katanga, jimbo la kusini-mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, kila kiangazi maswali ni yale yale: kuwinda kunafunguliwa lini, na mtu ambaye bunduki yake tayari ina karatasi anatafutiwa nini tena? Tutafika kwenye karatasi. Tuanze na ndege mwenyewe, maana kanuni nyingi zimeandikwa zikimfuata yeye.

Kanga wa porini, yule ambaye Wababemba wanamwita nkanga, anaishi maisha mawili kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Septemba anatembea kwa kundi: asubuhi wanashuka mitini, wanaparua mashamba yaliyovunwa, wanakunywa maji mchana, jioni wanapanda tena kulala. Mvua za kwanza zikishuka, Oktoba kuelekea Novemba, kundi linavunjika. Dume na jike wanajitenga wawili wawili. Jike anaparua kijishimo chini ya kishungi cha nyasi, hakizidi upana wa sahani, na humo anataga kwa kawaida mayai 6 hadi 12. Ukikuta kiota chenye mayai 20, si ajabu. Mara nyingi ni majike wawili waliotaga pamoja. Anaatamia siku 24 hadi 28, peke yake, dume akizunguka karibu bila kukalia mayai hata kidogo.

Sasa piga hesabu. Kanga aliyeuawa Julai ni kanga mmoja amepungua kundini. Jike aliyeuawa Desemba ameondoka na kiota kizima, kwa sababu hakuna wa kumpokea zamu. Tena Desemba ndipo ni rahisi kumpata: jike aliyeatamia hukaa kimya mpaka mbwa amguse. Wawindaji wanaojisifu kwamba masika wanakamata kanga kwa mkono, bila hata risasi moja, wanajisifu kwa kitu hicho hicho.

Kwale hafuati kalenda hiyo sawasawa. Kwale shingo-nyekundu, mwenye koo lisilo na manyoya na miguu myekundu, hutaga pia mwisho wa mvua, na mwanzo wa kiangazi bado anaweza kuwa na makinda. Kwa hiyo hata tarehe ikiwa imefunguka, tazama kabla ya kufyatua. Kwale anayekimbia mbele yako akiburuta bawa kama amevunjika, harudi nyuma wala haruki mbali, ana makinda kwenye nyasi ulizokwisha kuzipita. Mwache, na angalia unapokanyaga.

Karatasi

Sheria mama ya uwindaji nchini Kongo ni ile nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Namna ya kuitekeleza imeelezwa katika arrêté, yaani amri ya waziri, nambari 014 ya tarehe 29 Aprili 2004. Orodha ya wanyama wanaolindwa iko katika arrêté nambari 020 ya tarehe 20 Mei 2006, na juu ya hayo kuna sheria ya uhifadhi wa mazingira asilia, nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Mwindaji hahitaji kuzikariri. Anahitaji kujua kwamba zinamuuliza mambo manne tofauti, na kwamba jibu la moja halijibu jingine: wewe ni nani, silaha ni ya nani, uko wapi, na ndege huyo ni yupi.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kuchanganya la kwanza na la pili. Ruhusa ya kumiliki na kubeba silaha inatoka katika sheria nyingine kabisa, ile ya silaha na risasi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Inasema bunduki hiyo ni yako kihalali, basi. Haisemi kitu juu ya kanga. Kibali cha kuwinda, kile tunachokiita permis, ni karatasi ya pili. Anayewinda ndege na wanyama wadogo kwa burudani huomba permis sportif de petite chasse. Mkaaji wa kijiji anayewinda kwao ana permis rural. Uwindaji wa kijiji kizima, chini ya chifu, una permis collectif. Kibali kina jina la mtu mmoja na hakiazimwi. Shemeji yako hawezi kuchukua bunduki yako na kibali chako Jumamosi kwa sababu wewe una homa.

Ukipewa kibali, kisome palepale dirishani kabla ya kukikunja: jina, aina, eneo, tarehe ya mwisho. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina ni rahisi kurekebishwa Lubumbashi. Kwenye kizuizi cha barabara ya Kasenga, saa kumi na mbili jioni, ni kazi nyingine. Pia dai risiti ya malipo. Pesa uliyoiweka mkononi mwa mtu bila risiti haijanunua kibali, hata kama mtu huyo amevaa sare.

Mahali

Haut-Katanga ina wilaya, au territoires, sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Tangazo la kufunga au kufungua kuwinda lina mipaka yake, na tangu Katanga ya zamani igawanywe majimbo manne mwaka 2015, mpaka huo umesogea karibu. Mtu akitoka Kambove akaingia Lubudi amekwisha kuingia Lualaba. Msitu ni ule ule, kanga ni wale wale, ila tangazo alilosikia redioni Lubumbashi limebaki nyuma yake. Njia nzuri ni kuuliza katika ofisi ya mazingira ya wilaya unakokwenda, si unakotoka, na kuomba kusoma maandishi yenyewe: tangazo linaweza kufungua uwindaji na papo hapo likawaacha nje ndege fulani au sehemu fulani.

Kuna mahali ambapo msimu haupo kabisa. Mbuga ya taifa ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, na ya Kundelungu, ya 1970, zimefungwa siku zote za mwaka kwa kila silaha, hata manati ya mtoto. Idhini ya chifu wa jirani haifungui mbuga. Nje ya mbuga, idhini hiyo ni lazima kwa adabu na kwa usalama pia: chifu ndiye anayejua nani yuko msituni siku hiyo akichoma makaa, akiokota uyoga au akitega mizinga. Kuna watu wengi msituni kuliko unavyodhani, hasa Novemba na Desemba wakati wa uyoga. Shamba la mtu na eneo la kampuni ya migodi navyo vina mwenyewe, muulize.

Ndege gani

Omba nakala ya orodha ya 2006. Ina majedwali: wanaolindwa kabisa, wanaolindwa kwa sehemu, na wengine. Aliye katika jedwali la kwanza haguswi kwa kibali chochote cha kawaida. Yumo yule ndege mkubwa wa kijivu wa kwenye mafunjo ya Upemba, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mti, ambaye kwa Kifaransa anaitwa bec-en-sabot. Hakuna anayeweza kumfananisha na bata. Korongo ndiye anayeleta matatizo: ukungu wa asubuhi, ndege wakubwa wanaruka kwa mstari juu ya Lufira, mtu anasema ni mabata bukini. Tazama shingo na miguu. Korongo anaruka amenyoosha shingo mbele na miguu mirefu inachomoza nyuma ya mkia. Bata bukini naye ananyoosha shingo, lakini miguu yake huioni. Kama huna hakika, hukumwona.

Kwenye ziwa la Tshangalele na mabwawa ya Lufira kuna jambo la pili. Bata hubadilisha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa mara moja baada ya kuzaa, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Utamwona akikimbia juu ya maji akipiga mabawa mafupi bila kuinuka. Kumfukuza kwa mtumbwi wakati huo si kuwinda, ni kuokota, na kundi zima linaweza kwisha kwa asubuhi moja.

Namna zinazokatazwa

Usiku na tochi. Moto. Sumu. Gari au pikipiki inayokimbiza mnyama. Haya yamekatazwa, na Mkataba wa Aljeri wa 1968 juu ya uhifadhi wa mazingira barani Afrika uliyataja zamani. Sababu zake zinafaa kuelezwa kwa wale wanaosema ni ukali wa bure.

Kanga hulala kundi zima kwenye mti mmoja au miwili. Ukiwamulika usiku hawaruki, maana hawaoni gizani. Utaangusha wengi, na waliojeruhiwa watadondoka vichakani usiwaone tena. Asubuhi wamekwisha liwa na mbweha. Moto wa Septemba, majani yakiwa makavu kabisa, unawasha hata machipukizi ya miti ya miombo na kuunguza viota vya mapema, na mwakani eneo hilo halina kivuli wala wadudu.

Mayai nayo. Wapo wanaoyaokota wakawekee kuku wa nyumbani ayaatamie. Waswahili wa pwani walisema zamani kwamba kanga hazai ugenini, na huku pia mpango huo hushindwa kwa sababu zinazojulikana. Kuku anamaliza kazi yake siku ya 21. Ukichanganya mayai yake na ya kanga, vifaranga vyake vikitoka yeye anainuka, na ya kanga yanapoa yakibakiza siku tatu hadi saba. Yakiatamiwa peke yake yakaanguliwa, makinda yanakufa wiki ya kwanza kwa unga wa mahindi mtupu: wao hula wadudu, wanahitaji chakula kizito kama mchwa na dagaa waliosagwa. Chombo cha maji kikiwa na kina, wanazama humo. Weka mawe ndani. Anayetaka kufuga anunue kanga wa kufugwa kwa wafugaji wenziwe, aache viota vya porini.

Risasi na nyama

Kwa kanga, bunduki ya marisau (zile chembe ndogo nyingi za risasi), kalibre 12 ya kawaida, hutumia marisau namba 5 au 6 na umbali usiozidi mita 35. Wengi hubeba chevrotine, ile yenye chembe 9 kubwa, wakiamini kubwa ni bora. Ni kinyume. Chembe 9 katika mita 35 zimetawanyika kiasi kwamba kanga anapita katikati yake, au inamgusa moja tumboni akaruka kwenda kufia mbali. Namba 6 ina chembe zaidi ya 200. Usifyatue katikati ya kundi lililo chini: utapata wawili na kujeruhi watano. Gobori la kushindilia baruti, linalojazwa vipande vya nondo, tuliache. Limepasua mikono ya watu.

Marisau mengi ni madini ya risasi, na risasi ni sumu. Bata huyameza matopeni akidhani ni changarawe za kusagia chakula, firigisi inayasaga polepole, naye anakonda hadi kufa. Na sisi tunayala. Kwa hiyo nyumbani kata nyama yote iliyopondeka kuzunguka tundu, utupe. Pitisha kidole kwenye kifua na paja ukitafuta chembe. Fanya hivyo kabla ya kutia ndimu au siki. Asidi huyeyusha risasi, na nyama iliyolala usiku kucha kwenye siki ikiwa na chembe ndani imekunywa mchuzi wa risasi. Mama mjamzito na watoto wadogo wasile nyama ya namna hii mara kwa mara.

Tumbua ndege mapema, ndani ya saa moja ikiwa ni joto la Septemba au Oktoba, umtundike kivulini. Usimfunge kwenye mfuko wa plastiki akiwa bado moto, wala usimlundike na wenzake kwenye gunia. Kifua cha kijani kilichoanza kunuka ukifika nyumbani Lubumbashi, mtaa wa Kenya au Katuba, hakiokolewi na pilipili.

Ukiokota ndege amekufa bila tundu la risasi, usimle. Pasua gole, ukiwa umevaa mfuko wa plastiki mkononi: punje zenye rangi ya waridi, zambarau au nyekundu ni mbegu au chambo chenye dawa ya shamba, na moto wa jiko hauondoi dawa hiyo. Wakiwa wengi wamekufa pamoja kando ya maji na gole ni safi, fikiria homa ya ndege. Mwaka 2017 ilithibitishwa nchini mwetu, kule Ituri. Hapo usipasue zaidi, usilete mzoga nyumbani penye kuku, zuia mbwa, arifu daktari wa mifugo wa wilaya, naye atasema wafukiwe vipi.

Na ukimpiga au kumwokota ndege mwenye pete ya chuma mguuni, pete hiyo haina bei sokoni na haileti kesi. Ina nambari na jina la mji au la kituo kilichomvisha, pengine Ulaya, maana wapo wanaokuja kwetu Oktoba na kurudi Aprili. Ipige picha nambari ikisomeka yote, andika siku na mahali, upeleke ofisi ya mazingira au kwa ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa mazingira asilia.