Jioni anacheka, asubuhi hainuki

Kuna maneno nayasikia sana kliniki, na mara nyingi hasemi mgonjwa, anasema dada yake au mume aliyemsindikiza: "Dokta, huyu jioni anacheka na watoto, anakula, anaangalia tamthilia, ila asubuhi ukimwamsha anageukia ukutani." Yanasemwa kwa hasira kidogo, kama vile wamemkamata anaigiza. Mimi nikisikia hivyo ndo nasogeza kiti karibu na mgonjwa, maana ndugu yake bila kujua ameshanielezea ugonjwa wenyewe.

Sonona, wengine mnaita dipresheni, kwa watu wengi (sio wote) inakuja na saa zake. Mtu anashtuka saa tisa au saa kumi usiku, masaa mawili na zaidi kabla ya muda wake wa kuamka, usingizi umekata, kifua kizito, anajilaumu kwa mambo ya miaka ile, kukikucha hata kushusha miguu kitandani hawezi. Mchana inaanza kulegea, saa kumi na moja jioni yuko afadhali mpaka anajishangaa, halafu alfajiri yale yale. Sasa appointimenti yake ni saa nane mchana, anaingia amechana nywele anajibu vizuri, daktari akiwa na haraka anaandika anaendelea vizuri. Kwa hiyo andika kwenye simu unavyojisikia ukiamka na unavyojisikia jioni, wiki nzima, uje nayo.

Kwa nini asubuhi? Kwenye ubongo kuna saa, kikundi kidogo cha seli juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, inapanga usingizi, joto la mwili na homoni. Mojawapo ni kotisoli, kwa watu wengi inapanda alfajiri na inazidi kupanda dakika 30 mpaka 45 baada ya kuamka, ndo inauandaa mwili kwa siku. Kwa baadhi ya wenye sonona mpangilio huo unakuwa umevurugika. Sio uvivu jamani, na sio imani ndogo.

Wagonjwa wangu nawaambia usiihukumu ndoa yako, kazi yako wala maisha yako kabla ya saa nne asubuhi. Yale yanayohitaji kuamua yafanye jana yake jioni ukiwa na nguvu: toa nguo, jaza ndoo ya maji, weka chai kwenye chupa, ili asubuhi usiwe na cha kufikiria, unanyoosha mkono tu. Halafu toka nje. Kwetu Afrika Mashariki jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na hata kukiwa na mawingu mwanga wa nje unaushinda mbali ule wa taa ya chumbani, kaa barazani nusu saa hata kama huna hamu ya kuongea na mtu, ile saa ya ubongo inajirekebisha kwa mwanga. Amka muda ule ule hata Jumapili. Na pombe ya kutafutia usingizi inakulaza mapema ila inakuamsha saa tisa, nimeliona hili mara nyingi sana.

Kama umeandikiwa dawa, muulize daktari unywe saa ngapi, fluoksetini kwa kawaida ni asubuhi, amitriptilini ni usiku. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na usiache ghafla kwa sababu jioni moja umejisikia mzima.

Wewe ndugu unayeishi naye, alfajiri usimuulize ana nini. Fungua dirisha, mpe chai, kaa pembeni yake. Na akisema anatamani kufa, au wewe mwenyewe ukiwaza hivyo saa kumi usiku, usisubiri kupambazuke ukidhani itapita, amsha mtu saa hiyo hiyo, mwambie wazi, asikuache peke yako, dawa na vitu vya hatari viondolewe chumbani, muende hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura kinapokea na wagonjwa wa hivi.