Chakula cha mjusi na tishu za mfuko wake wa tumbo

Mijusi wengi hawatafuni chakula chao kama afanyavyo mbuzi au binadamu. Meno yao hushika mawindo, huyaua na kuyaponda kidogo, kisha mawindo hayo hushuka kwenye umio yakiwa karibu mazima, na kazi kubwa ya kuyavunjavunja huachiwa mfuko wa tumbo. Kwa sababu hiyo ni rahisi kutarajia kwamba kipande chembamba cha tumbo la mjusi kafiri alaye mbu na nondo, kikiwekwa kando ya kipande cha tumbo la iguana alaye majani, kitaonyesha viungo viwili visivyofanana hata kidogo. Hadubini haionyeshi hivyo. Mpangilio wa msingi wa tishu ni ule ule. Yanayoweza kutofautiana kulingana na lishe ni unene wa matabaka na wingi wa tezi, na mabadiliko yaliyo makubwa kuliko yote hutokea mbele zaidi, kwenye utumbo.

Ukuta wa mfuko wa tumbo una matabaka manne. La ndani kabisa ni utando telezi, ambao seli zake za juu, ndefu na zilizopangwa safu moja, hutoa ute unaoukinga ukuta usichomwe na asidi inayotengenezwa humo humo. Chini yake kuna tishu unganishi yenye mishipa ya damu na neva, kisha misuli laini ya safu mbili, ya ndani ikiuzunguka mfuko na ya nje ikifuata urefu wake, na mwisho utando mwembamba unaoufunika mfuko kwa nje. Tezi zimezama ndani ya utando telezi. Katika sehemu ya juu na ya kati ya mfuko tezi hizo hutoa asidi na kitangulizi cha kimeng'enya (dutu ya mwili inayovunjavunja chakula), ilhali karibu na mlango wa utumbo mwembamba nyingi hutoa ute tu, na misuli ya mviringo hapo huwa minene.

Jambo linalostahili kukaziwa ni aina ya seli zilizomo katika tezi hizo. Kwa mamalia, seli za aina moja hutoa asidi ya hidrokloriki na za aina nyingine hutoa pepsinojeni, ambayo hugeuka kuwa pepsini na kuvunja protini. Kwa mijusi, kama ilivyo kwa ndege na samaki wengi, seli moja hufanya kazi zote mbili. Anayehesabu seli hizi kwenye tumbo la mjusi, basi, anapima uwezo wa kutoa asidi na uwezo wa kuvunja protini kwa pamoja, wala hawezi kuvitenganisha kwa kutazama umbo la seli pekee.

Mdudu ni chakula chenye protini nyingi, lakini amevikwa gamba la kitini, dutu ngumu ambayo pepsini haiwezi kuivunja. Baadhi ya mijusi walao wadudu hutoa kimeng'enya cha kitinasi kutoka kwenye utando telezi wa tumbo, nacho hulishambulia gamba hilo ili asidi na pepsini zifikie nyama iliyo ndani. Kenge naye humeza mayai, kaa, konokono, samaki na vyura, na mfuko wake wa tumbo hutanuka sana. Mikunjo ya utando telezi hujinyoosha mfuko unapojaa, kisha hurudi baada ya chakula kupita.

Majani yana tatizo jingine. Hakuna mjusi mwenye kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja selulosi, dutu ngumu inayojenga kuta za seli za mimea, na asidi ya tumbo haisaidii sana hapo. Iguana wa kijani wa Amerika hutegemea vijidudu vinavyochachusha majani katika utumbo mpana, ambao umegawanywa kwa mikunjo inayochelewesha chakula. Watoto wake hupata vijidudu hivyo kwa kula udongo na kinyesi cha wakubwa. Ndiyo maana mtafiti anayetafuta alama ya ulaji wa majani kwenye mfuko wa tumbo peke yake huenda akakosa sehemu kubwa ya jibu.

Mfano ulio wazi zaidi wa lishe na utumbo kubadilika pamoja unatoka Kroatia, katika Bahari ya Adriatiki. Mwaka 1971 jozi 5 za mijusi wa ukutani wa Italia, *Podarcis sicula*, zilihamishwa kutoka kisiwa kidogo cha Pod Kopište hadi Pod Mrčaru. Mwaka 2008 mwanabiolojia Anthony Herrel na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika majira ya joto mimea ilifikia asilimia 61 ya chakula cha mijusi wa Pod Mrčaru, ikilinganishwa na asilimia 4 kwa wale wa kisiwa walikotoka. Vichwa vyao vilikuwa vikubwa zaidi, nguvu ya kung'ata ilikuwa imeongezeka, na mwanzoni mwa utumbo mpana walikuwa na mikunjo ambayo haikuonekana kwa mijusi wa Pod Kopište. Kwa maoni yangu, kasi ya badiliko hilo, ambalo lilichukua miongo isiyofika minne, ndiyo inayopaswa kutushangaza zaidi.

Vipimo vya tishu za tumbo vinahitaji tahadhari kubwa kabla ya kuhusishwa na lishe. Vipande hukatwa kwa unene wa takribani mikromita 5 baada ya tishu kuhifadhiwa kwa fomalini na kuzamishwa katika nta, na mjusi aliyekufa saa nyingi kwenye joto huwa tayari ameanza kupoteza utando telezi. Ukuta wa mfuko uliojaa huonekana mwembamba kuliko ule wa mfuko mtupu wa mjusi yule yule, hivyo kulinganisha spishi mbili bila kujua kila mmoja alikula lini ni kujipotosha. Umri na ukubwa wa mwili navyo huathiri unene huo. Isitoshe, chakula chenyewe huleta vimelea. Minyoo ya jenasi *Physaloptera* humfikia mjusi kupitia wadudu kama nyenje, mende na mbawakavu aliowala, hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo, na pale inaposhika, tishu za ukuta huo huweza kuvimba na kuwa nene. Unene wa namna hiyo unatokana na mlo kwa njia ya maradhi, na maabara inayouhesabu kuwa ni uzoefu wa tumbo kwa chakula hicho itakuwa imeripoti jambo ambalo halipo.