i7 yako ya zamani haina king'amuzi

Jumamosi iliyopita alinipigia mteja wangu wa Tabata, yuko Kariakoo. "Fundi, nimepata kompyuta ya kuchomeka kwenye TV. i7, RAM gigabaiti 16, bei ya kutupa." Nikamwuliza, i7 ipi? "Si nimekwambia i7, fundi?" Nikamwomba asome kibandiko mpaka mwisho. Akasoma: i7-4770. Nikamwambia, kaka, usilipe. Alikuwa ameshalipa na boksi liko kwenye bajaji.

Nimechoka na habari ya i7, hilo jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Kila mwezi namkuta mtu aliyejibana akaweka akiba, akaenda dukani, akauziwa namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Leo naandika kila kitu mahali pamoja, nikiulizwa tena niwe natuma hapa.

Jumapili nilikwenda kwake. Alichotaka kuona kwanza ni video ya harusi ya binti yake, ambayo mpiga picha alimletea kwenye flashi: 4K, imebanwa kwa mtindo wa HEVC wa biti 10, fremu (picha) 60 kwa sekunde. Tukaiweka. Bibi harusi anaingia ukumbini, anainua mguu, mguu unabaki hewani. Tarumbeta zinaendelea. Picha inaruka, tayari ameshafika meza kuu. Feni ya boksi inavuma mpaka mama wa nyumba akatoka jikoni kuuliza kinachoungua ni nini. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anafanya kazi: prosesa iko asilimia 100, na sehemu ya kung'amua video kwenye GPU, yaani kipande cha kushughulikia picha, iko sifuri kabisa.

Hiyo sifuri ndiyo habari yote.

Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar? TV ya mtu ilikuwa nzima, kioo kipana, ya bei mbaya, lakini bila king'amuzi ilionyesha chenga. Jirani mwenye kioo kidogo na king'amuzi aliendelea kuangalia taarifa ya habari. Kompyuta ni vilevile. Video hufika ikiwa imebanwa kwa mtindo fulani: H.264, HEVC, VP9, AV1. Ndani ya prosesa za miaka ya karibuni kuna kipande kidogo ambacho kazi yake ni kufungua mtindo huo tu. Kikiwepo, prosesa yenyewe inapumzika. Kisipokuwepo, prosesa inabebeshwa mzigo wote kwa nguvu zake, na kwa 4K nzito inashindwa, uwe umeweka RAM gigabaiti 16 au 64.

Sasa soma namba baada ya kistari. i7-4770: namba ya kwanza ni 4, kizazi cha nne, mwaka 2013. Kinafungua H.264 vizuri, HEVC hakiijui. Kizazi cha sita, mwaka 2015, kinafungua HEVC ya biti 8. Kizazi cha saba ndicho kilicholeta HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, ambayo YouTube huitumia kwa 4K. AV1 ikaja na kizazi cha 11. Kwa hiyo i3-7100T, kiprosesa cha kori mbili na wati 35 ambacho muuzaji anaona aibu hata kukitaja, kinafungua video ile ya harusi bila kutoka jasho, na i7 ya wati 84 inagota. Hiyo i3 na hiyo 7 ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza inakwambia nafasi yake kati ya ndugu zake wa mwaka ule. Ya pili inakwambia kizazi chake, na kwa kazi ya TV kizazi ndicho unachonunua.

Hapa ndipo muuzaji anapoingia na dawa yake: "Basi tukuwekee kadi ya grafiki." Mteja wangu aliporudi dukani Jumatatu kulalamika, alipewa GT 710. Nikaumia kweli. GT 710 nayo haifungui HEVC. Alikuwa anauziwa king'amuzi cha pili kisichoshika chaneli ileile. GT 1030 inafungua, lakini ukishajumlisha bei yake na ya lile boksi, umeshapita bei ya kompyuta ndogo nzuri inayojitosheleza.

RAM: gigabaiti 8 zinatosha. Sina zaidi.

Ninachopendekeza kwa mtu wa bajeti ni zile kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, ukubwa wa kitabu kinene: HP EliteDesk 800 G3 Mini, Lenovo ThinkCentre M710q, Dell OptiPlex 3050 Micro. Kuwa makini, EliteDesk ileile ilitoka na kizazi cha sita na cha saba, hivyo jina la boksi peke yake halikuokoi. Mwambie muuzaji awashe, asome prosesa mbele yako. Nyingi zinatumia chaja kama ya laptop inayopokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani haitaungua, unabadilisha waya wa ukutani tu. Umeme ukishuka kidogo jioni, chaja hiyo inavumilia. Inachohitaji ulinzi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo tumia kinga ya umeme, au UPS ndogo (betri ya akiba) kama diski yako ya nje ina mambo usiyotaka kuyapoteza.

Na LUKU? Kwa kipimo changu cha ukutani, boksi la i7 lilikuwa linakula wati 70 na zaidi likihangaika na ile harusi. Mini yenye i5-7500T ilikula kama 15. Kwa saa 5 kila siku, mwezi mmoja ni uniti 10 na nusu dhidi ya 2 na robo.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua na silifichi. Kizazi cha saba, ukiacha prosesa chache, hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 2025. Pia AV1 inazidi kuenea. Je, ni haki kumwuzia mtu mashine ya namna hiyo leo? Kwa AV1 ya 1080p, i5 ya kori nne inajimudu bila king'amuzi, hivyo kwa watu wengi wa hapa wenye bando la kuhesabu naona bado ni sawa. Mwenye nafasi kidogo namwambia atafute mashine mpya yenye Intel N100 ya mwaka 2023: wati 6, na AV1 inafungua. Nimebadilisha mawazo juu ya hili mara mbili tayari.

Kwa upande wa programu, naweka LibreELEC. Ni Linux nyepesi, badala ya Windows, inayobeba Kodi peke yake, programu ya kuchezea filamu. Unawasha na kukuta filamu zako, hakuna dirisha la kusasisha linalotokea katikati ya mechi. Lakini anayeishi kwa Netflix asifuate njia hii. Netflix ya 4K kwenye kompyuta za namna hii inataka Windows, na kwa prosesa za Intel inaanzia hicho hicho kizazi cha saba. Ukitaka kujua kama king'amuzi kinafanya kazi, cheza video kwenye Kodi, bonyeza herufi O kwenye kibodi, tafuta alama ya HW kando ya jina la kodeki, yaani kile kinachofungua mtindo wa video. Isipokuwepo, usiendelee na mipangilio mingine. Tatizo liko hapo.

Waya. Waya wa HDMI wa bei kubwa hauongezi rangi. Jambo la kuangalia ni tundu. HDMI ya 1.4, ambayo ndiyo iliyoko kwenye mini nyingi za umri huu, inaishia 4K ya picha 30 kwa sekunde. Tundu la DisplayPort la mashine ileile linatoa 60. TV zetu hazina DisplayPort, kwa hiyo unahitaji adapta, na lazima iwe ya kubadili mawimbi yenyewe (active), iliyoandikwa 4K 60. Ile ya bei rahisi inapitisha tu na inabaki 30 au chini yake. Nilipoteza jioni nzima kwa adapta kabla sijaelewa hili.

Kisha kuna kutetereka. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, TV inachora picha upya mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24. Fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu. Kamera ikipita taratibu juu ya mji unaona majengo yanatikisika kidogo, na watu wanasema kompyuta ni dhaifu. Siyo dhaifu. Kwenye Kodi nenda Settings, Player, Videos, washa "Adjust display refresh rate", kioo kitafuata filamu.

Kwa yule wa Tabata, dukani walikubali kupokea boksi na kumpa EliteDesk ya i5-7500T kwa nyongeza kidogo. Tukaweka harusi. Ikateleza, mama akakaa. Lakini suti nyeusi ya bwana harusi ilikuwa rangi ya majivu. Baba akasema ndivyo kamera ilivyopiga. Hapana. Kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 255, kompyuta ilikuwa inatuma weusi kuanzia 16, kama ilivyo kawaida ya video, na TV ilikuwa inasubiri weusi uanzie 0, hivyo 16 ikaonekana kijivu. Nikaingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, nikabadilisha kiwango cha weusi cha HDMI. Suti ikawa nyeusi, mikunjo ya koti ikaonekana, na nyuma yake akatokea mjomba aliyekuwa amezama kwenye ukungu. Ukikosea upande wa pili, vivuli vyote vinazama na nywele zinakuwa bonge moja la giza. Jaribu zote mbili ukiwa na picha yenye nguo nyeusi, chagua kwa macho.

Flashi ikikataa faili kubwa, imefomatiwa FAT32, na hiyo haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Nakili vilivyomo pembeni, fomati exFAT.

Mini usiifungie ndani ya kabati la TV. Kwa joto letu la Januari inahitaji hewa pande zote, na vumbi la barabarani linaziba feni ndani ya miezi michache. Ya Tabata tumeiweka juu ya kabati, upande wa dirisha lisilotazama barabara, na nimemwachia kijana wao brashi.