Ndoa juu ya ndoa: cheti cha pili kinapokosa nguvu

Kila Desemba magari yanapopanda kuelekea Marangu, Kibosho na Rombo, watu hututania kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Sisi tunaofanya kazi ya msaada wa kisheria hapa Moshi tuna hesabu yetu nyingine, inayoanza watu wakisharudi mjini. Ndipo wanapokuja akina mama na bahasha za kaki. Ndani ya bahasha kuna cheti cha ndoa ya bomani kilichotiwa nailoni kisichafuke, picha mbili tatu za harusi, pengine na karatasi ya mahari yenye sahihi za wazee. Swali ni lile lile: "Wakili, hiki si cheti?"

Ni cheti. Shida ni kwamba kuna cheti kingine kilichotangulia, cha kanisani kule kijijini, na hakuna mahakama iliyowahi kuivunja ndoa ile.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimkatazi kila mwanamume kuoa mke wa pili. Inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote, za kanisani na za bomani, huchukuliwa kuwa ni za mke mmoja. Kwa hiyo anayetaka kujua kama harusi ya pili ni halali asihangaike sana na harusi yenyewe. Aiangalie ile ya kwanza. Mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hana uwezo wa kisheria wa kuoa tena, iwe bomani, msikitini au kwa mahari ya ng'ombe na mbege, na akifanya hivyo ndoa hiyo ni batili. Mwanamke aliye kwenye ndoa ya aina yoyote hawezi kuolewa na mwingine. Hapa hatuzungumzii aibu ya ukoo peke yake: mwanamke mwenye ndoa anayefunga nyingine anatenda kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo, na kusema uongo kwenye taarifa ya kusudio la kufunga ndoa nako ni kosa.

Wanaume wengi tunaokutana nao si matapeli, au basi hawajioni hivyo. Chukua mtu aliyefunga ndoa kanisani Machame, akahamia Arusha kwa biashara ya madini, akaachana na mkewe miaka kumi iliyopita. Ukimuuliza atakwambia, "Yule tulishamalizana." Walimalizana wapi? Mbele ya wazee, au kwa mchungaji, au mama alifungasha tu akarudi kwao. Kutengana kwa namna hiyo hakuvunji ndoa, hata kungefika miaka thelathini. Hata uamuzi wa mahakama ya kanisa kwamba ndoa ilikuwa batili una kazi yake kanisani tu. Wenzetu Waislamu nao huteleza hapa: talaka ikishatamkwa, bado shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi na mahakama itoe amri, ndipo sheria iitambue.

Kuna na wale wanaobadili dini ili waoe wa pili. Ndoa ya mke mmoja inaweza kugeuzwa kuwa ya wake wengi, lakini kwa tamko la maandishi la mume na mke wote wawili mbele ya jaji au hakimu, na ile iliyofungwa kanisani na Wakristo wawili haigeuzwi kabisa maadamu wote bado ni Wakristo. Mume kusilimu peke yake Jumatatu na kuoa Ijumaa hakumwondolei mkewe wa Kibosho chochote.

Jambo hili hulipuka msibani. Jeneza liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, wasifu wa marehemu unasomwa kwenye kipaza sauti: "Ameacha mjane mmoja na watoto wanne." Pembeni, karibu na migomba, amesimama mwanamke mwenye kitenge cha msiba na watoto wawili waliofanana na marehemu kama pacha. Hakutajwa. Wiki inayofuata kikao cha ukoo kinakaa kumteua msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa kwenda mahakamani, na jina lake halimo. Akipeleka cheti chake kwenye mafao ya marehemu, cheti cha kwanza kinamsubiri mezani.

Je, ndiyo amepoteza kila kitu? Hapana. Watoto kwanza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidi kwa kiasi cha haki mali iliyoachwa na mzazi wake, na harusi batili ya wazazi si kosa la mtoto. Yeye mwenyewe anaweza kudai alichochangia. Watu hupenda kusema ukikaa na mwanamume miezi sita wewe ni mke. Sheria inasema miaka miwili au zaidi, tena ni dhana tu, yaani mnachukuliwa kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kama mwanamume bado ana ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa, dhana hiyo haimsaidii mwanamke. Lakini dhana hiyo ikishapingwa, mahakama bado ina uwezo wa kutoa amri, ikiwemo kugawa mali waliyochuma pamoja. Mahakama ya Rufani ililisema hilo kwenye hukumu iliyomo katika ripoti za sheria za 1994, kuhusu watu waliojenga nyumba wakiishi kama mume na mke.

Kinga ni rahisi na watu huiruka. Wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla, na taarifa hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Karatasi ile pale bomani huning'inia kwenye ubao mpaka jua linaififisha, na sijawahi kuona foleni ya watu wakiisoma. Mke aliye kwenye ndoa ya wake wengi naye anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto wataumia.

Binti akiposwa na mtu mzima aliyewahi kuoa, aombe kuona amri ya talaka yenye muhuri wa mahakama, au cheti cha kifo cha mke wa kwanza. Shangazi au mshenga anaweza kuuliza kwa niaba yake. Aende pia kwenye parokia au usharika wa mwanamume akaulizie daftari la ndoa, na ofisi ya mkuu wa wilaya anakotoka. Nauli ya basi dogo hadi Rombo ni ndogo kuliko gharama ya kesi ya mirathi.

Na aliyekwisha kuingia, akagundua leo, asichome cheti kwa hasira. Akitunze pamoja na risiti za saruji na mabati, ujumbe wa miamala ya simu, mkataba wa kiwanja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha aje navyo vyote ofisini, hata kama vimelowa.