Kabla hujabadilisha bodi ya kamera, hesabu picha ulizozitupa

"Nimejikusanya milioni tatu, nichukue bodi (kamera yenyewe bila lenzi) gani?" Wapiga picha wa harusi na sendofu hapa Dar huniuliza hivi mara kwa mara, nami huwarudishia swali: picha ulizozitupa kwenye kazi yako ya mwisho zilikuwa na kasoro gani? Wengi hawawezi kujibu, kwa sababu picha mbovu hufutwa haraka bila kuchunguzwa. Bodi mpya hutibu magonjwa machache, na mengi ninayoyaona kwenye picha za kumbi zetu hayamo katika hayo machache.

Chukua kazi zako tatu za mwisho, toa picha 100 ulizozikataa, kisha zipange kwa kasoro kuu ya kila moja: imetikisika, fokasi imekaa mahali pasipo pake, chenga (punjepunje kwenye picha), uso una giza, rangi imeharibika, mtu amefumba macho, umechelewa kubonyeza. Fungua taarifa za kila picha uone spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia), namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga). Picha iliyotikisika kwa 1/30 ya sekunde ilihitaji mwanga zaidi, au mpigaji aliyepandisha ISO bila woga. Kundi lenye picha nyingi ndilo lina haki ya fedha zako. Macho yaliyofumba na kidole kilichochelewa hayana dawa dukani, hata uende Kariakoo na milioni kumi.

Tuanze na chenga, maana ndizo zinazowapeleka watu wengi dukani. Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka 55, hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, kwenye bodi ileile, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Pale ulipolazimika kupanda hadi ISO 6400, sasa ISO 640 inakupa spidi ileile. Linganisha na kuhama kutoka sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C kwenda kubwa ya fulu fremu ukibaki na f ileile: faida ya Canon ni kama mara 2.5, yaani ISO 6400 ya bodi mpya inafanana na ISO 2500 ya bodi yako ya sasa. Lenzi ndogo ya bei nafuu inaishinda bodi ya mamilioni, wala bodi haiikaribii hata kidogo. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mpaka umeshalipa: lenzi za EF-S za Canon, zilizotengenezwa kwa APS-C, hazifungi kabisa kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani) za fulu fremu. Za DX za Nikon, nazo za sensa ndogo, hufunga, ila kamera hukata kingo za picha, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Kwa hiyo bei ya bodi ya fulu fremu isome pamoja na bei ya lenzi zake.

Lakini f/1.8 nayo ina mipaka yake. Ukisimama mita 2 kutoka kwa bibi harusi na lenzi hiyo ya 50 kwenye APS-C, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 11 hivi. Jicho la karibu linakaa vizuri, hereni ya upande wa pili imeshaanza kulainika. Mashangazi na wajomba waliopangwa safu tatu mbele ya jukwaa wanataka f/5.6 ili safu zote zitoke vizuri, na hapo lenzi ya f/1.8 haina cha kukusaidia tena. Panahitajika taa.

Taa ndiyo ninayoitetea kuliko kifaa kingine chochote kwa kazi za mji huu. Kumbi zetu nyingi zina dari ndefu, na siku ya shughuli dari hiyo hufunikwa kwa vitambaa vya mapambo. Ukielekeza flashi juu ukitegemea mwanga urudi, ama haurudi wa kutosha, ama unarudi na rangi ya kitambaa, na uso wa bwana harusi unakuwa wa zambarau. Hakuna bodi inayorekebisha hilo. Shusha flashi kutoka juu ya kamera.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa kuanzia ni flashi mbili za kawaida za aina ya Godox TT600, rimoti moja inayofanana nazo, stendi mbili na mwavuli mmoja wa sentimita 100. Ya kwanza iweke mita 2.5 juu, pembeni ya mpigaji kwa nyuzi 45, mita 4 hivi kutoka kwa wahusika, ikipita kwenye mwavuli. Ya pili iweke kwenye kona ya nyuma bila mwavuli, ili itenge vichwa na ukuta wenye giza. Anza na ISO 800, f/4, shata 1/100, ya kwanza kwenye nguvu ya 1/8 na ya pili kwenye 1/16, kisha rekebisha nguvu za flashi tu. Usisogeze stendi karibu kwa kutafuta mwanga mwingi. Anayekaa mita 4 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga wa anayekaa mita 2, hivyo taa ikiwa karibu, mmoja anaungua na jirani yake anazama gizani. Irudishe nyuma, ongeza nguvu. Kila flashi inakula betri nne za AA. Nunua za kuchaji, seti tatu kwa kila flashi, kwa sababu za kutupa huchoka katikati ya kufungua muziki na flashi huanza kuchelewa kujaa.

Mistari ya giza inayokatiza picha nayo husingiziwa kamera. Umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 huondoa sehemu kubwa ya mistari hiyo. Mtu akinunua kamera mpya isiyo na kioo ndani (mirrorless) na kuwasha shata ya kielektroniki ili apige kimyakimya, mara nyingi mistari inaongezeka, kwa sababu sensa nyingi husomwa polepole kutoka juu kwenda chini. Rudi kwenye shata ya mitambo. Na kama mstari mweusi ni mmoja, mnene, na unatokea ukitumia flashi tu, umepita spidi ya flashi ya kamera yako, ambayo kwa nyingi ni karibu 1/200.

Mchana tatizo hugeuka. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na kuelekea Oktoba 10 jua la saa sita na nusu husimama utosini. Macho yanakuwa mashimo meusi kwa kamera yoyote. Rifleketa (ubao wa kurudishia mwanga) ya sentimita 110 na kivuli cha mwembe vinafanya kazi ambayo megapikseli haziwezi. Coco Beach au Kigamboni usifungue mwavuli bila kitu cha kuushikilia. Upepo wa bahari huuchukua kama tanga, na flashi inaanguka nao. Dumu la maji la lita 5 lililofungwa mguuni mwa stendi linatosha.

Nyuso zenye giza wakati gauni limetoka vizuri ni suala la kipimo cha mwanga. Kamera hujaribu kuufanya wastani wa fremu uwe wa kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi ya bibi harusi inakosa maelezo. Pima usoni kwa kipimo cha doa (spot), piga RAW (faili ghafi la picha), angalia grafu ya mwanga (histogramu) isigonge ukuta wa kulia kwenye gauni. Hii haigharimu hata shilingi.

Kwa wanaopiga video, sauti itangulie mbele ya bodi. Chukua sauti kwenye miksa ya mtu wa muziki kwa waya kwenda kwenye rekoda, na hakikisha rekoda imewekwa LINE. Sauti ya miksa ina nguvu kubwa kuliko ya maiki. Ukiiingiza kwenye tundu la maiki inapasuka, na iliyopasuka hairudi. Weka na maiki ya kola kwa bwana harusi kama akiba. Upande wa kadi, usilipie usichokihitaji: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, na kadi yenye alama ya V30 inahimili 30. Inakula gigabaiti 45 kwa saa, hivyo kadi ya 64 inakaribia saa moja na dakika 25. Hatari kubwa ni kadi bandia. Kabla ya kuitumia, ijaze yote kwa programu ya H2testw kisha iache iisome tena. Bandia huandika kwa utulivu mpaka ukomo wake wa kweli, kisha huanza kupoteza mafaili bila kukuambia.

Kama lenzi zako unazihifadhi kwenye begi, simamisha ununuzi wote. Unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya vioo, na kuvu hutoa tindikali inayokula rangi ya juu ya kioo. Fundi akisafisha, alama hubaki. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, silika jeli (punje za kufyonza unyevu) gramu 200 na kipimo cha unyevu kinachosoma asilimia 40 hadi 50 vinatosha kwa seti ndogo.

Bodi ina zamu yake. Kama unapiga harusi kwa kamera yenye tundu moja la kadi, ninaunga mkono kuhamia yenye mawili hata kama picha zitabaki zilezile, kwa sababu ndoa hairudiwi kadi ikifa. Kama kundi lako kubwa ni la fokasi iliyokosea gizani, na lenzi yako tayari ni f/2.8 au chini yake, bodi mpya inayotambua jicho itakusaidia kweli. Shata nayo huchakaa: Canon 6D ilikadiriwa picha 100,000, Nikon D750 150,000. Anayepiga picha 2,000 kwa shughuli, shughuli 40 kwa mwaka, anatumia 80,000 ndani ya mwaka mmoja.

Kabla ya kulipa, ikodi bodi hiyo kwa kazi mbili za kweli. Kisha piga hesabu kwa bei za kwenu: ikiwa inauzwa 4,500,000 na kukodi ni 75,000 kwa siku, unahitaji shughuli 60 ili ununuzi uwe nafuu. Mwenye shughuli mbili kwa mwezi atasubiri miaka miwili na nusu.

Ukiamua kununua iliyotumika, nenda na kadi mbili, lenzi yako na flashi yako. Piga kwa kila tundu la kadi. Piga anga kwa f/16 uone madoa ya sensa, kisha ziba lenzi na upige sekunde 30 kwa ISO 100. Nukta angavu nyingi ni ishara mbaya. Soma idadi ya shata kwa kompyuta, usisome kwenye maneno ya muuzaji. Piga flashi ukiwa umeifunga juu ya kamera mara kumi mfululizo. Kama anakuuzia na lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Ukiona nyuzi za kuvu zilizotawanyika kama mizizi, mrudishie, hata akikupunguzia nusu ya bei.